Kutoka Ndia Kuu hadi Mbaraki: Baiskeli ya Mwanangu na Radhi Zangu



Mwanangu alipopata kazi ya ukarani katika ghala moja upande wa Mbaraki, kitu cha kwanza alichokinunua kwa mshahara wake hakikuwa simu wala viatu, bali baiskeli. Aliileta jioni, akaiegemeza ukutani chini ya dirisha letu hapa Kibokoni, akaingia ndani, akanibusu mkono na kusema, "Mama, nataka radhi zako. Nauli za kwenda na kurudi zinanimalizia mshahara, na foleni inanichelewesha. Kuanzia Jumatatu nataka kwenda kazini kwa baiskeli." Sikumjibu. Niliitazama baiskeli ile mpya inayong'aa, na nilichokiona mimi ni mguu wa kaka yangu.

Miaka zaidi ya thelathini iliyopita kaka yangu naye alikuwa akienda kazini kwa baiskeli. Asubuhi moja, penye makutano ya barabara, alijipenyeza upande wa kushoto wa lori lililokuwa limesimama. Lori likaondoka, likakata kushoto, na dereva hakumwona kabisa. Alhamdulillahi, roho yake ilisalimika, lakini hadi leo huchechemea. Marehemu mama yetu aliiuza baiskeli ile kwa bei ya kutupa kabla hata kaka hajatoka hospitali, na tangu siku hiyo habari ya baiskeli haikuzungumzwa tena katika nyumba yetu.

Kwa hiyo nilimwambia mwanangu hivi: "Radhi sikunyimi, lakini siwezi kuridhia nisilolijua. Jumamosi utanipitisha njia yako, nami nitaifuata kwa miguu yangu mwenyewe. Nikishaiona, tutazungumza." Haya ninayoyaandika ni habari ya matembezi hayo. Nimeyaandika kwa kuwa najua si mimi peke yangu mwenye kijana anayetoka asubuhi juu ya magurudumu mawili.

Tulitoka baada ya sala ya Alfajiri, wakati mwanga unaanza kugusa ncha za minara. Yeye alikokota baiskeli, mimi nikashika buibui langu na kutembea kando yake. Ndia Kuu, kama wenyeji wajuavyo, maana yake ni njia kuu kwa Kimvita chetu. Ukuu wake lakini hauko katika upana. Gari likikutana na mkokoteni, lazima mmoja angoje. Kwenye baraza moja wazee walikuwa wakinywa kahawa chungu, na harufu ya mahamri ilikuwa ikitoka katika kila kichochoro. Tulipita Msikiti wa Mandhry, ambao husemwa kuwa ulijengwa mwaka 1570. Hapo mtu mmoja alitupita kwa baiskeli, kikapu cha mikate nyuma yake. Alipiga kengele mara moja, akapunguza mwendo, akatutolea salamu, akapinda kuwakwepa watoto wawili waliokuwa wakienda chuoni na misahafu yao kifuani. Mwendo wake haukuuzidi sana mwendo wangu.

Nilisimama kidogo nikalitafakari jambo hilo. Nimeishi katika Mji wa Kale umri wangu wote, na watoto wangu wote wamecheza katika vichochoro hivi, wala sikuwahi kuogopa kwamba baiskeli itamuua mtu hapa au mtu atauawa juu ya baiskeli. Sababu si kwamba watu wa hapa ni wema kuliko wengine. Ni kwamba kuta zimekaribiana, na hakuna awezaye kwenda mbio hata akitaka. Anayepita humwona anayetoka mlangoni, na anayetoka mlangoni humjua anayepita ni mtoto wa nani. Mji huu ulijengwa kwa kipimo cha mtu na punda. Hata mwanzoni mwa karne iliyopita, kabla magari hayajaenea, kipando cha fahari kisiwani kilikuwa ni toroli juu ya reli nyembamba, lililosukumwa na watu kwa mikono kati ya Mji wa Kale na Kilindini. Mwendo ulikuwa ni mwendo wa miguu ya mwanadamu.

Tulipotokea Ngome ya Yesu, ambayo Wareno walianza kuijenga mwaka 1593, mambo yalibadilika. Hapo ndipo vichochoro vinapokwisha na barabara zinapoanza. Tulishika Nkrumah Road, tukapita uwanja wa Treasury Square wenye miti yake ya kivuli, na mpaka hapo bado palikuwa na utulivu. Lakini kadiri tulivyokaribia makutano ya Digo Road, sauti ilianza kupanda: honi za matatu, makanga wanaoita abiria, milio ya tuktuk na pikipiki zinazojipenyeza kila penye mwanya.

Nilisimama pembeni na kuwatazama waendesha bodaboda wakishindania abiria, nikakumbuka kwamba jina lao lenyewe limetokana na baiskeli. Lilianzia mpakani Busia, baina ya Kenya na Uganda, ambako vijana waliwabeba wasafiri kwa baiskeli kutoka kituo cha mpaka mmoja hadi cha pili, wakiita "boda, boda." Baadaye pikipiki zikaja, zikalirithi jina, na baiskeli ikasukumwa kando ya barabara na kando ya fikira zetu. Leo tunapozungumza habari ya msongamano wa Mombasa, tunazungumza habari ya magari. Mwenye baiskeli tunamkumbuka anapoanguka.

"Hapa unavukaje?" nilimuuliza mwanangu.

Alinionyesha. Hakupanda. Alishuka, akaikokota baiskeli mpaka mahali pa kuvukia waendao kwa miguu, akangoja, akavuka nao. "Mama, wenzangu wengine hunicheka," alisema. "Lakini kushuka dakika mbili si aibu." Nilifurahi moyoni, ila sikumwonyesha.

Upande wa pili, mwanzoni mwa Moi Avenue, alipanda nami nikamfuata nyuma kwa mbali. Niliona jambo ambalo sikulitarajia. Mimi nilidhani usalama wa mwenye baiskeli ni kujibana kabisa ukingoni, karibu na mtaro. Yeye aliacha nafasi ya kama mkono mmoja kutoka ukingoni, na palipoegeshwa magari aliacha nafasi zaidi. Tulipokutana karibu na Pembe za Ndovu nilimwuliza sababu. Akaniambia kwamba ukingoni kuna mchanga, vigae vya chupa na vifuniko vya mitaro vilivyovunjika, na anayejibana huko hulazimika kuyumba ghafla kuingia barabarani, na huko kuyumba ndiko kunakoua. Kisha magari yaliyoegeshwa yana milango. Mtu huufungua mlango bila kutazama nyuma, na mwenye baiskeli akakutana nao uso kwa uso. "Bora dereva wa nyuma anione mapema na kukasirika," alisema, "kuliko asinione kabisa."

Tulikata kushoto kuingia Ganjoni. Hapo nilielewa jambo jingine ambalo ramani ya kichwani mwangu haikuwahi kunionyesha. Hapa Kenya tunapita kushoto. Kwa hiyo, anayekwenda kazini asubuhi kwa njia hii hukunja kushoto tu, bila kukatiza magari yanayokuja mbele yake. Lakini jioni anaporudi, hapo hapo panamlazimu kukunja kulia, avuke safu za magari, wakati jua limeshuka na kila mtu ana haraka ya kufika nyumbani. Njia ni ile ile moja, lakini asubuhi ni njia nyepesi na jioni ni njia ya hatari.

Karibu na Mbaraki malori yalizidi, mengi yakiwa na makontena. Nilimshika mwanangu mkono nikamsimamisha. Nilimwonyesha lori lililosimama likingoja kuingia getini, nikamwambia, "Nenda ukasimame pale kushoto kwake, kando ya tairi la mbele, kisha uniambie kama unauona uso wa dereva kwenye kioo chake." Alikwenda, akarudi kimya. Hakuuona. Usipouona uso wa dereva, naye hakuoni. Hicho ndicho alichokuwa hakijui kaka yangu asubuhi ile, na hakuna aliyemfundisha. Lori refu linapokata kushoto, magurudumu yake ya nyuma hayafuati njia ya magurudumu ya mbele, bali hukaribia zaidi ukingo, na aliye baina ya lori na ukingo hubanwa. Dawa ni moja: baki nyuma yake, hata ukichelewa. Usiingie kushoto kwa lori, wala basi, limesimama au linakwenda.

Kwa kurudi nilimwomba tupite njia ndefu, ya baharini. Tuliteremka mpaka karibu na kivuko cha Likoni, ambako umati uliokuwa ukishuka feri ulijaza barabara kama maji ya bamvua. Hapo pia hakuna kupanda, ni kukokota tu mpaka umati upungue. Kisha tukashika Mama Ngina Drive, na pumzi yangu ikarudi. Kulia kwetu ilikuwa bahari, mlango wa Kilindini ukiwa wazi na meli moja ikiingia taratibu. Kushoto mibuyu mikubwa ilisimama kama wazee waliokataa kuhama. Bustani za hapa zilitengenezwa upya, na Oktoba 2019 Sikukuu ya Mashujaa iliadhimishwa papa hapa. Asubuhi ile walikuwapo watu wanaotembea kwa afya zao, wakiwemo akina mama wenye mabuibui, na vijana watatu juu ya baiskeli. Njia hii inaongeza kama kilomita mbili, na msimu wa kusi upepo utampiga kifuani anaporudi, lakini upepo haukumvunja mtu mguu.

Tuliketi chini ya mbuyu, tukanywa madafu. Hapo ndipo tulipokubaliana. Asubuhi atapita njia fupi, mradi aondoke mapema, kabla ya saa moja, magari yasijae. Jioni atarudi kwa njia ya baharini. Atavaa helmeti kila siku, hata kama ni mwendo wa dakika tano, na kofia yake ya vito ataitia mkobani mpaka afike. Baiskeli itakuwa na taa nyeupe mbele na nyekundu nyuma, kwa sababu kwetu pwani, karibu na mstari wa ikweta, giza haliji polepole. Jua likizama, muda si mrefu ni usiku. Atavaa kizibao cha kuakisi mwanga. Hatatia vidude vya kusikilizia masikioni, kwa kuwa masikio ndiyo macho ya nyuma. Kila asubuhi kabla ya kutoka atabonyeza matairi aone upepo, atabana breki zote mbili, atatazama mnyororo. Akitaka kukunja, atanyoosha mkono mapema na kutazama nyuma, si kimoja badala ya kingine. Siku za masika, barabara ikijaa maji, atashuka au atapanda matatu, maana maji hayakuambii palipo na shimo au mtaro usio na kifuniko.

Niliongeza sharti moja ambalo yeye hakulifikiria, la mwezi mtukufu wa Ramadhani. Nani kati yetu asiyeijua saa ile ya mwisho kabla ya Magharibi? Madereva wana njaa na kiu, kila mmoja anakimbilia futari ya nyumbani, na wenye subira tangu Alfajiri huishiwa subira zikibaki dakika ishirini. Nilimwambia: mkobani mwako siku zote ziwemo tende tatu na chupa ya maji. Adhana ikikukuta njiani, simama, futuru, sali katika msikiti ulio karibu, kisha uje. Sambusa zitakungoja. Mimi pia nitakungoja.

Nilidhani somo la siku hiyo limekwisha, kumbe lililobaki lilikuwa langu. Jua lilikuwa limepanda na miguu imechoka, basi pale Lighthouse nilimwambia mwanangu atangulie, nami nikapanda tuktuk. Nilipoketi tu nikasema, kama ninavyosema siku zote, "Harakisha mwanangu, jua kali." Kijana akatii. Mbele yetu palikuwa na mzee juu ya baiskeli, kapu la samaki nyuma yake, akiendesha kwa utaratibu. Tuktuk ilimpita kwa upana wa kiganja. Niliona usukani wake ukitetemeka, na nikauona uso wake alipogeuka. Hakutukana, wala hakupaza sauti. Alitutazama tu.

Ni mara ngapi nimesema "harakisha" maishani mwangu? Ni mara ngapi nimemwambia dereva wa matatu anishushe hapa hapa, akakata kushoto ghafla bila kujali aliye nyuma? Ni mara ngapi nimeufungua mlango wa gari la shemeji yangu mtaani bila kutazama? Nilikuwa nimetembea asubuhi nzima nikitafuta hatari inayomngoja mwanangu, na hatari hiyo ilikuwa imekaa kiti cha nyuma cha tuktuk, imevaa buibui langu. Nilimwomba kijana apunguze mwendo. Alinitazama kwenye kioo akashangaa, nadhani si ombi analolisikia mara nyingi.

Wazazi wenzangu, sheria ya nchi ipo. Sheria ya Trafiki, Sura ya 403, imeweka mwisho wa kilomita 50 kwa saa ndani ya miji, na hata mwendo huo ni mkubwa penye watoto na baiskeli. Maumbile nayo yana sheria yake: gari likizidisha mwendo mara mbili, masafa linayohitaji kusimama kwa breki huzidi mara nne. Dini yetu imetangulia kabla ya hayo yote. Tumefundishwa kwamba njia ina haki zake juu ya wanaoitumia, na kwamba kuondoa udhia njiani ni sehemu ya imani. Tumefundishwa pia, katika kisa cha yule bedui na ngamia wake, kwamba mtu hufunga kwanza kisha akatawakali. Helmeti na taa ni kamba ya ngamia. Na udhia wa njia si jiwe na mwiba pekee. Abiria anayemhimiza dereva naye ni udhia.

Kuna nchi ambako mambo haya yalibadilishwa na wazazi. Uholanzi, ambayo leo husifiwa kwa baiskeli zake, haikuwa hivyo siku zote. Mwaka 1971 ajali za barabarani ziliua watu wapatao 3,300 nchini humo, na zaidi ya 400 kati yao walikuwa watoto. Wazazi, akina mama wakiwa mstari wa mbele, walitoka barabarani na kudai kwamba mauaji ya watoto yakome. Kutokana na madai hayo, na uhaba wa mafuta uliofuata mwaka 1973, serikali na miji ilianza kujenga njia za baiskeli na kupunguza mwendo wa magari mitaani. Kisiwa chetu ni kidogo, kama kilomita 14 za mraba tu. Mtu mwenye afya aweza kukivuka kwa baiskeli chini ya nusu saa. Tukiulizwa maoni na wawakilishi wetu wa wadi kuhusu barabara, tusiseme lami tu. Tuseme vifuniko vya mitaro, taa za barabarani, mahali pa kuvukia na ukanda wa baiskeli.

Jumatatu ilipofika, nilimsomea mwanangu dua ya safari mlangoni, nikampa mkono akaubusu, nikamwambia, "Nenda, nimeridhia." Akapotea kwenye pembe ya kichochoro. Asubuhi hiyo chai yangu ilipoa kikombeni. Saa mbili kasoro alinipigia simu: amefika.

Binti yangu, ambaye husomea ualimu, alikuwa ameketi kimya muda wote. Ndipo akauliza, "Na mimi je, Mama? Ziko baiskeli zisizo na mtaimbo wa juu, na mnyororo wake umefunikwa, wala buibui haliingii kwenye gurudumu." Nilicheka, nikamwambia tutakwenda kwanza Mama Ngina siku moja mapema, baada ya Alfajiri, tuione njia. Baba yake alitikisa kichwa, lakini hakukataa.

Kila jioni sasa, baina ya Alasiri na Magharibi, nasikiliza kengele kichochoroni. Nimejifunza kuitambua yake miongoni mwa nyingine. Nikiwa ndani ya tuktuk na kumwona mbele yetu mtu juu ya baiskeli, mwenye kapu la samaki au mkoba wa kazi, hukumbuka kwamba kuna dirisha mahali fulani, Majengo au Tudor au Likoni, ambako mtu mwingine naye anasikiliza. Basi humwambia dereva, "Polepole, mwanangu. Tutafika inshallah."